Santuri ya Shilingi Mia Nane Iliyofika Kisumu kwa Elfu Nane

Mtu aliyezoea kununua mahindi soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili hatazami bei kwanza. Hutazama gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka. Bei iko pale kwenye kipande cha katoni, imeandikwa kwa makaa, na ni nafuu kuliko ya muuzaji wa jirani. Lakini ukiugeuza ule mkebe utakuta kitako chake kimegongwa kikaingia ndani, kimevimba kama mgongo wa kobe. Bei haikuongezwa hata senti. Mahindi ndiyo yaliyopunguzwa. Mama yangu alikuwa akitumbukiza mkono ndani ya gorogoro kabla hata hajauliza ni pesa ngapi, na wauzaji waliomfahamu walikuwa wakimtolea mkebe mwingine kutoka chini ya meza bila kuambiwa.

Minada ya mtandaoni ina gorogoro zake, na huko mkono haufiki.

Nilijifunza hivyo mwaka jana kwa santuri moja ya benga. Ni zile ndogo za inchi saba, za mizunguko 45 kwa dakika, na marehemu baba alikuwa nayo kabla haijapotea tulipohama nyumba. Santuri nyingi za aina hiyo zilizotolewa hapa kwetu miaka ya 1970 sasa ziko mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, kwa hiyo muziki uliopigwa na watu wa Nyanza unabidi uununue kutoka ng'ambo. Nikaiona kwa muuzaji mmoja wa Marekani, nikatoa dau, nikashinda kwa dola 6.50. Dola wakati huo ilikuwa kama shilingi 129, kwa hiyo santuri ilikuwa shilingi 840 hivi. Nikamwonyesha mke wangu simu kwa majivuno.

Ilipofika mlangoni nilikuwa nimetoa shilingi 8,370.

Nilikaa na karatasi nikatafuta aliyeniibia. Muuzaji alidai dola 18 za kufunga na kusafirisha hadi kwa wakala wangu wa mizigo, anayepokea vitu kule na kuvileta Kenya, ambaye ghala lake liko jimbo la New Jersey. Jimbo likachukua kodi yake ya mauzo, asilimia 6.625, dola 1.62. Jumla ya dola 26.12 nikalipa kwa kadi, na kadi ikanihesabia dola kwa shilingi 134, si 129: shilingi 3,500. Wakala akasema mzigo ni kilo mbili na nusu kwa dola 14 kila kilo, dola 35, ambazo kwa kiwango chake zilikuwa shilingi 4,620. Basi la kutoka Nairobi likachukua 250. Sikumpata mwizi. Kila namba ilikuwa imeandikwa mahali fulani na ningeweza kuisoma kabla ya kutoa dau, ila hakuna ukurasa hata mmoja ambako zote zilikaa pamoja.

Ada inajificha wapi

Ada iliyofichwa si lazima iwe siri. Ni ada inayojitokeza baada ya wewe kuamua. Ukiijua kabla, ni sehemu ya bei na unaweza kuikataa. Ukiijua baada, umeshajiona mwenye mali na kurudi nyuma kunauma kuliko kulipa.

Mnada unafaa sana kwa mchezo huu. Dukani bei imetulia, unaweza kuizunguka na kuuliza maswali. Kwenye mnada kuna namba moja inayopanda na saa inayohesabu kurudi nyuma, na jicho la binadamu hufuata kinachotembea. Ada ya usafirishaji haitembei. Kodi haitembei. Zimekaa kimya chini ya ukurasa kwa maandishi ya kijivu, na wewe unapigana na mtu usiyemjua juu ya senti hamsini.

Cha ajabu ni kwamba Wakenya tumeshalitatua tatizo hili kwenye simu zetu. Mtu akikuomba elfu moja haishii hapo, anaongeza maneno matatu: "na ya kutoa." Anajua elfu moja iliyo kwenye M-Pesa na elfu moja iliyo mkononi zinatofautiana kwa shilingi 29 za kutoa kwa wakala. Anataka ile ya mkononi. Mnunuzi wa mnadani naye hana budi kuuliza kila mara kama bei anayoiona ina "ya kutoa" ndani yake au la.

Usafirishaji, mahali pa kwanza pa kuchungulia

Kisa cha dola 18 za kusafirisha santuri ya dola 6.50 kina historia. eBay, tovuti ya minada ya Marekani, ilianzishwa mwaka 1995, na kitu cha kwanza kuuzwa pale kilikuwa kalamu ya leza mbovu, dola 14.83. Kwa miaka mingi tovuti ilimtoza muuzaji ada kwa kupima bei ya mauzo peke yake. Pesa za usafirishaji zilikuwa zake zote. Wauzaji si wajinga. Wakauza kitu kwa senti moja na kusafirisha kwa dola thelathini. Mwaka 2011 eBay ikaanza, kwa wauzaji wa Marekani, kukata ada juu ya pesa za usafirishaji pia, na ule mwanya ukazibwa kwa kiasi kikubwa. Lakini desturi ilibaki kwa sababu nyingine: mnunuzi akipanga orodha kuanzia bei ya chini, kitu cha dola 6.50 kitatangulia kitu kile kile cha dola 15 kinachosafirishwa kwa dola nne.

Dawa yake ni rahisi. Usipange orodha kwa bei, ipange kwa bei pamoja na usafirishaji. eBay wana chaguo hilo. Kisha hakikisha tovuti inajua unakotaka kitu kipelekwe. Ukiwa hujaweka anwani, unaweza kuonyeshwa gharama ya kupeleka mahali pengine kabisa, ukafurahia bei ya mtu wa Ohio, Marekani, ukiwa Kondele hapa Kisumu. Na kama muuzaji ameandika "wasiliana nami kuhusu usafirishaji", basi wasiliana naye kabla ya dau, umpe jina la mji na nchi, umwombe namba moja inayojumuisha kufunga, bima na kila kitu. Jibu lije kupitia mfumo wa ujumbe wa tovuti yenyewe, lisiwe la WhatsApp, maana la tovuti ndilo utakaloonyesha ukigombana.

Ukinunua vitu viwili vitatu kwa muuzaji mmoja, usiharakishe kulipa cha kwanza. Mwombe ankara moja yenye usafirishaji wa pamoja. Ukishalipa kimoja, kila kingine kinasafiri peke yake na nauli yake.

Halafu kuna ukubwa wa boksi, na hapa ndipo nilipoumia zaidi. Santuri ya inchi saba ina uzito wa gramu arobaini hivi. Nililipia kilo mbili na nusu. Kampuni za kusafirisha kwa ndege hazipimi kilo tu. Hupima pia nafasi ambayo mzigo unachukua, kisha hutoza kwa kile kilicho kikubwa. Hesabu inayotumika sana ni hii: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, halafu gawanya kwa 5,000. Muuzaji wangu, kwa wema au kwa uvivu, aliitia santuri ndogo ndani ya boksi la santuri kubwa: sentimita 35 kwa 35 kwa 10. Hiyo ni 12,250. Gawanya kwa 5,000 upate kilo 2.45, zikafanywa 2.5. Dola 35 nilizompa wakala zilikuwa nauli ya hewa na magazeti yaliyokunjwa. Kama boksi lingekuwa 20 kwa 20 kwa 3, hesabu ingekuwa chini ya robo kilo.

Kwa hiyo kwa kitu chepesi, swali la vipimo vya boksi lina thamani kuliko swali la uzito. Vivuli vya taa, kofia, vikapu, spika tupu, vichezeo vya watoto: vyote hivi ni hewa ghali. Baadhi ya mawakala hukubali kufungua mzigo na kuufunga upya kwenye boksi dogo. Wengine hutoza kwa kazi hiyo, na bado inalipa.

Nyundo na nyongeza ya mnunuzi

Kwenye mnada wa kawaida wa eBay ya Marekani, ada ya mauzo anabeba muuzaji. Sivyo ilivyo kwa nyumba za mnada zinazouza mtandaoni samani za kale, mashine za kiwanda kilichofungwa, saa na vitu vya sanaa. Huko kuna nyongeza ya mnunuzi. Nyumba za Christie's na Sotheby's ziliianzisha London mwaka 1975, asilimia 10 juu ya bei ya nyundo, yaani dau lililoshinda, wafanyabiashara wa sanaa wakalalamika sana, na leo nyongeza za asilimia 20 au 25 ni jambo la kawaida. Namba inayopanda kwenye skrini huwa haina nyongeza hiyo.

Chukua mfano wa mnada wa Uingereza. Umeshinda kwa pauni 200. Nyongeza ni asilimia 25, yaani pauni 50. Juu ya hiyo nyongeza kuna VAT ya Uingereza ya asilimia 20, pauni 10. Kama umetoa dau kupitia tovuti inayokusanya minada ya wengine, nayo inaweza kutaka kama asilimia 5 ya nyundo, pauni 10, na VAT yake pauni 2. Unadaiwa 272, na kitu bado kiko rafuni huko huko. Nyumba nyingi za mnada hazifungi wala hazisafirishi. Hukupa jina la kampuni ya kufunga mizigo na siku chache za kukiondoa, kisha huanza kuhesabu ada ya kuhifadhi. Haya yote yamo kwenye masharti ya mauzo, waraka ambao kila mtu hubofya "nakubali" bila kuufungua. Ufungue. Tafuta alama ya asilimia. Kila inapotokea kuna pesa yako.

Kuna pia ile minada inayouza simu mpya kwa dola kumi. Ikimbie. Huko unanunua kwanza haki ya kutoa dau, kila dau labda senti 60 za dola, na kila dau linapandisha bei kwa senti moja tu huku saa ikiongezewa sekunde. Kitu kikiuzwa kwa dola 50 maana yake madau 5,000 yametolewa. Zidisha kwa senti 60: wenye tovuti wamekusanya dola 3,000 kutoka kwa watu ambao wote isipokuwa mmoja wameondoka mikono mitupu. Kampuni ya Swoopo, iliyoanzia Ujerumani na kuwa maarufu kwa mtindo huu, ilifungwa mwaka 2011, lakini wa kuiga hawaishi.

Kiwango cha dola

Hapa sitakawia. Unapolipa kwa shilingi kitu cha dola, kuna mtu anabadilisha pesa na anakula katikati. Wakati mwingine ni benki, wakati mwingine ni ile kadi ya M-Pesa GlobalPay iliyoletwa na Safaricom na Visa mwaka 2022, wakati mwingine ni PayPal, ambao kiwango chao hukaa asilimia 3 hadi 4 juu ya kiwango cha soko. Kwa malipo ya dola 300, dola ya 129 ni shilingi 38,700 na dola ya 134 ni 40,200. Shilingi 1,500 zimekwenda bila kuitwa ada, ndiyo maana hazionekani kwenye orodha ya ada.

Ukurasa wa malipo ukikuuliza kwa upole kama ungependa kulipa kwa shilingi "ili ujue kiasi kamili", kwa kawaida huo upole ni wa kulipia. Linganisha na kiwango cha benki yako siku hiyo, kisha uchague sarafu ya muuzaji kama benki ni nafuu. Mara nyingi ni nafuu.

Forodha haijui kuwa ulipata kwa bahati

Wanunuzi wengi wa Kisumu na Nakuru hutumia wakala anayetoza kwa kilo, ushuru ukiwa ndani. Muulize kwa maneno hayo hayo: ushuru uko ndani au nje? Maana ukileta mwenyewe kwa posta au kwa kampuni ya vifurushi, hesabu ni hii, na ni vizuri kila mtu aijue.

Mamlaka ya Ushuru, KRA, haihesabu kwa bei ya nyundo. Inahesabu kwa thamani ya kitu pamoja na bima na, kwa mzigo wa meli, nauli hadi bandarini. Kwa hiyo nauli ya meli iliyokuuma mara moja inatozwa kodi pia. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una madaraja ya asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022, 35 kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika. Tuseme kitu chako kiko daraja la 25 na jumla ya thamani, bima na nauli ni shilingi 40,000. Ushuru ni 10,000. VAT ya asilimia 16 inahesabiwa juu ya 40,000 pamoja na ule ushuru, yaani juu ya 50,000: shilingi 8,000. Ada ya tamko la uingizaji, ile IDF, ni asilimia 2.5: shilingi 1,000. Tozo ya reli, ambayo Desemba 2024 ilipandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi 2: shilingi 800. Unadaiwa 19,800, karibu nusu ya thamani, na bado hujamlipa aliyekutolea mzigo. Bidhaa nyingine zina ushuru wa ziada wa ndani juu ya haya. Viwango hivi hugeuka mara kwa mara, hasa bajeti ikisomwa mwezi wa Juni, kwa hiyo viangalie upya kabla ya kununua.

Kampuni za vifurushi za kimataifa mara nyingi hulipa ushuru kwa niaba yako ili mzigo usikwame, kisha hukudai ushuru huo pamoja na ada ya kukulipia. Ukichelewa, kuna ada ya kuhifadhi kwa siku. Hizi zimo kwenye orodha yao ya bei ya Kenya; ni ukurasa mmoja, usome jioni moja ukinywa chai.

Na kama utapata ujumbe kwamba kifurushi chako kimekwama forodhani na utume shilingi elfu mbili kwa namba ya simu ya mtu, hiyo si ada iliyofichwa, ni wizi ulio wazi. Kodi ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na KRA na haiingii kwenye laini ya mtu binafsi.

Magari nitayagusa kidogo tu, kwa sababu yanastahili makala yao. Vijana wengi huku wanafuatilia minada ya Japani kwa simu, wanaona gari limeuzwa kwa bei ya pikipiki mbili na wanachanganyikiwa. Kwanza, bei hiyo haina ada ya nyumba ya mnada, ya wakala wa kule, wala ya kulifikisha bandarini. Pili, tazama kama umepewa bei ya gari likiwa kwenye meli kule Japani au likiwa limefika Mombasa na bima. Tofauti ni nauli nzima ya baharini. Tatu, na hili ndilo huwaliza watu: kodi ya gari la mtumba Kenya haifuati ulicholipa. KRA ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, hutoa uchakavu kulingana na umri, na kukutoza juu ya kinachobaki. Ushindi wako wa bei ya chini haupunguzi kodi hata shilingi. Na gari lenye zaidi ya miaka minane haliingii kabisa, hata ulipate bure.

Anwani ya kuazima

Turudi kwa lile ghala la New Jersey. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa uamuzi mwaka 2018 kuhusu kodi za majimbo kwenye biashara ya mtandaoni, tovuti kubwa hukusanya kodi ya mauzo kulingana na jimbo kitu kinakopelekwa. Kwako wewe hapa Kisumu, jimbo hilo ni la wakala wako. Delaware na Oregon hawana kodi hiyo. Wakala mwenye ghala Delaware amekuokolea asilimia sita na ushee kabla hata hujaanza kulinganisha bei ya kilo, na mimi sikujua kuuliza.

Anwani ya kuazima ina gharama nyingine isiyoandikwa kwa namba. Dhamana ya eBay ya kurudishiwa pesa haifuati kitu ambacho mnunuzi amekipitisha kwenda anwani nyingine baada ya kufikishwa. Kwa muuzaji, kazi iliisha pale ghalani. Santuri ikifika Kisumu imepasuka, utabishana na nani? Na hata pale ambapo muuzaji anakubali kurudisha pesa, anarudisha zake. Za wakala, za kubadilisha dola na za forodha hazirudi. Kwa kitu kinachovunjika au cha bei kubwa, nauli ghali ya moja kwa moja hadi Kenya inaweza kuwa ndiyo nafuu.

Sheria inasaidia kidogo, zaidi kwa biashara za hapa nyumbani. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani iliagiza kampuni za fedha za simu zimwonyeshe mteja gharama kabla hajakamilisha muamala, na Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti amweleze mnunuzi masharti kabla ya makubaliano. Uingereza, tangu Aprili 2025, imekataza bei inayodondoshwa kidogo kidogo ambapo ada za lazima huibuka mwishoni. Marekani wana kanuni ya Mei 2025 dhidi ya ada za kushtukiza, lakini inagusa tiketi za maonyesho na malazi ya muda mfupi, minada haimo. Muuzaji wa Marekani aliyekukera hutamfikia kwa sheria ya Nairobi, kwa hiyo kalamu na karatasi bado ndizo ngao.

Kuhesabu kutoka mlangoni

Watu wengi huanza na dau na kuongeza ada zinapokuja. Geuza. Anza na pesa ambayo uko tayari itoke mfukoni kitu kikiwa mlangoni, halafu ondoa kila kitu kurudi nyuma hadi ubaki na dau.

Tuseme uko Nakuru, unataka lenzi ya kamera, na hutaki kuvuka shilingi 30,000. Toa 300 za basi kutoka Nairobi: 29,700. Wakala anatoza kilo mbili kwa dola 14, ushuru ndani, dola 28, kwa 132 ni shilingi 3,696. Zimebaki 26,004. Kadi yako inahesabu dola kwa 134, kwa hiyo una dola 194. Ghala liko New Jersey, kwa hiyo gawanya kwa 1.06625 kuondoa kodi: dola 182. Muuzaji anataka 12 za kusafirisha: dola 170. Hilo ndilo dau lako la juu kabisa. Aliyegawanya 30,000 kwa 129 alidhani ana dola 232. Zile 62 za katikati ndizo zingemtoa jasho baadaye.

Kama mnada una nyongeza ya mnunuzi ya asilimia 20, gawanya 170 kwa 1.2, upate dola 141. Usitoe asilimia 20 kutoka 170. Utapata 136 na unaweza kuikosa lenzi kwa dola tano ambazo ulikuwa nazo.

Ukishapata dau hilo, liingize mara moja na ufunge simu. Mfumo wa eBay hautumii dau lako lote. Unakupandisha kidogo kidogo juu ya yule anayekufuata, hadi kufika kikomo chako. Kurudi kila baada ya dakika tano kuchungulia hakuongezi nafasi ya kushinda, kunaongeza hamu, na hamu ndiyo inayoongeza dola mbili, kisha mbili nyingine.

Mwezi uliopita ilitokea santuri nyingine ya wanamuziki wale wale, yenye wimbo mwingine alioupenda baba. Nilimwandikia muuzaji kuuliza vipimo vya boksi. Alijibu vizuri, hata akasema ataifunga kati ya makatoni mawili bapa. Nikahesabu kutoka mlangoni, nikapata dola 9, nikaziweka na kulala. Asubuhi nikakuta imekwenda kwa 11.50 kwa mtu mwingine. Hasira ilinipanda kidogo, nikachukua karatasi, nikaona kwa bei hiyo ningevuka kikomo kwa shilingi mia tatu na hamsini na kitu. Nikaenda kuchemsha chai.